Nyama choma ya watu 26: tathmini ya bucha la mwembeni, Kimara

Bucha ninalolizungumzia liko Kimara, Dar es Salaam, hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro, na halina bango lolote. Watu wa mtaa husema "pale mwembeni" kwa sababu majiko ya kuchomea yamepangwa chini ya mwembe mkubwa, na mgeni akiuliza ataelekezwa bila kuhangaika. Nimenunua nyama ya ng'ombe ya kuchoma hapo mara tatu katika kipindi cha miezi minane, mara mbili kwa ajili ya watu wachache na mara moja kwa ajili ya ukoo mzima. Ni hiyo mara ya ukoo mzima iliyonifanya niandike, kwa kuwa ndiyo iliyonionyesha kazi ambayo mabucha mengi ya nyama choma humwachia mteja aifanye peke yake, yaani kukadiria ni nyama kiasi gani itawatosha watu wake, na ni nyama ya aina gani, kabla hajatoa fedha.

Kabla ya kulisifu bucha hili ni lazima nieleze kilichonipeleka kwao. Mwaka uliopita tulikuwa watu wazima 22, tumekusanyika kumpongeza mdogo wangu baada ya mahafali yake, na mimi ndiye niliyepewa jukumu la nyama. Nilikwenda sehemu nyingine, ambayo sitaitaja, nikaagiza kwa kanuni ambayo karibu kila mtu mjini anaijua: kilo moja, watu watatu. Watu 22 kwa kanuni hiyo ni kilo saba na ushee, kwa hiyo nikasema kilo saba za mbavu, nikalipa, nikaketi. Mizani ilikuwa nyuma ya ukuta. Sikuiona na sikuomba kuiona. Saa moja na nusu baadaye sinia zikaletwa zimejaa hadi ukingoni, na kwa kuzitazama tu ungesema tumezidisha. Dakika ishirini hazijapita, baba mkubwa akafika, amecheleweshwa na foleni ya Ubungo. Alikaribishwa, akanawa mikono, akasogezewa sinia, akaanza kugeuza mfupa mmoja baada ya mwingine akitafuta penye nyama. Hakusema neno. Alikula ugali na kachumbari, akashukuru, na mimi sikuweza kumtazama usoni.

Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba tumepunjwa. Leo siamini hivyo, kwa sababu nimekuja kuelewa kwamba hata kama mizani ile ilikuwa ya haki tupu, tungeishia pale pale. Kilo saba nilizolipia zilikuwa kilo za nyama mbichi, tena yenye mfupa. Moto huondoa sehemu ya uzito huo, na mfupa huondoa sehemu nyingine, na hakuna hata moja kati ya sehemu hizo mbili niliyokuwa nimeifikiria. Kanuni ya kilo moja kwa watu watatu si uongo, ila imenyamaza kuhusu jambo lenye uzito kuliko yote, yaani kilo ya nini.

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa pale mwembeni. Safari hii tulikuwa tunategemea watu 26 siku ya Jumapili, baada ya kipaimara cha mpwa wangu, na nilikwenda Ijumaa jioni ili kuweka oda. Nyuma ya kaunta alikuwepo mzee mwenye aproni nyeupe, anayekata nyama na kuuza yeye mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia nahitaji kilo nane au tisa za kuchoma kwa ajili ya Jumapili.

"Kilo za nini, mwanangu?" akauliza. "Steki isiyo na mfupa, au mbavu? Maana hizo ni habari mbili tofauti."

Kisha akaweka kisu chini na kuniuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa na muuzaji nyama. Alitaka kujua kati ya hao 26 watoto ni wangapi, na kati ya watoto kuna vijana wa sekondari wangapi, kwa kuwa kijana wa kiume wa miaka 16, alisema, asihesabiwe na watoto hata kidogo. Aliuliza tutakula na nini, kama ni ugali na ndizi za kuchoma au ni nyama na kachumbari tu. Aliuliza kama wageni watafika kwa pamoja au kwa mafungu, na kama wazee waliomo bado wana meno ya kutosha. Mwisho akauliza tunapenda nyama iliyokauka au yenye maji yake, na hapo nilidhani anauliza habari ya ladha, kumbe alikuwa bado anapiga hesabu ya uzito.

Jibu langu lilikuwa watu wazima 17 na vijana wawili, na watoto saba wa chini ya miaka kumi. Yeye alihesabu kila mtoto kuwa nusu ya mtu mzima, akapata mafungu 22 na nusu, akaniambia tuseme 22 kwa sababu kuna wazee wanaoonja tu. Kwa kila fungu alikadiria gramu 180 hadi 200 za nyama iliyoiva, isiyo na mfupa, kwa mlo wenye ugali, ndizi na kachumbari. Endapo nyama ingekuwa ndiyo mlo wenyewe, bila wanga wa maana pembeni, alisema angepanda hadi gramu 250 au zaidi. Kwa hiyo tulihitaji karibu kilo nne za nyama iliyoiva, na kutoka hapo ndipo alipoanza kurudi nyuma kuelekea kwenye nyama mbichi: kilo nne za steki na kilo tatu na nusu za mbavu. Jumla ni kilo saba na nusu, pungufu ya zile nilizokuja kuagiza. Muuzaji anayempunguzia mteja oda yake kwa hiari si wa kukutana naye kila siku.

Nilikuwa na mashaka, na nilimwambia wazi kwamba mwaka jana kilo saba hazikutosha watu 22. Alicheka kidogo, akauliza zilikuwa za nini, nikamwambia mbavu tupu. Akatikisa kichwa. "Basi ulinunua mifupa ukaongezewa nyama."

Jumapili nilifika saa tano asubuhi ili kuona kila hatua kwa macho yangu, na ninaeleza nilichokiona kwa urefu kwa sababu ndicho kiini cha tathmini hii. Mizani iko juu ya kaunta, imemwelekea mteja, na ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Kila mwenye bucha anapaswa kuwa nayo, kwani mizani ya biashara huhakikiwa kila mwaka, na ni haki ya mnunuzi kuitazama kabla ya kununua. Sinia tupu iliwekwa kwanza, mizani ikarudishwa sifuri, ndipo nyama ikawekwa. Steki ilisoma kilo 4.06 na mbavu kilo 3.52. Mzee aliandika namba zote mbili kwenye kipande cha boksi kwa kalamu ya wino mzito, akaandika na jina langu, na boksi hilo likafuatana na nyama hadi jikoni likachomekwa kwenye msumari juu ya jiko letu. Kulikuwa na vipande vya maboksi vinne vya namna hiyo vimening'inia pale, kila kimoja juu ya nyama ya mwenyewe, na sikuona nyama ya mtu ikihama kutoka jiko moja kwenda jingine.

Mchomaji ni kijana mtulivu ambaye hana haraka na moto. Aliusubiri mkaa hadi ukavaa majivu meupe na miali ikafa, ndipo akaweka steki ikiwa katika mapande makubwa ya karibu nusu kilo, bila kuikata vipande vidogo. Nilimuuliza sababu. Alisema ukiikata ndogo kabla ya kuchoma, kila kipande kinakaushwa pande zote na nyama inakwisha jikoni. Ni maelezo sahihi kabisa. Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta ina maji kiasi cha asilimia 70 hadi 75 ya uzito wake, na kadiri joto linavyopanda ndivyo nyuzi zinavyojikunja na kuyakamua maji hayo nje, huku mafuta yakiyeyuka na kudondoka juu ya mkaa. Kipande kidogo kina eneo kubwa la nje ukilinganisha na ujazo wake, kwa hiyo hupoteza zaidi. Chumvi aliiweka mwishoni, imeyeyushwa kwenye maji ya vuguvugu ndani ya chupa iliyotobolewa kifuniko, akinyunyizia huku akigeuza. Hapakuwa na kiungo kingine, na kwa nyama nzuri sioni sababu ya kuweka kingine.

Ilipoiva, kabla ya kukatwa, ilirudishwa kwenye mizani ile ile. Sikuomba, ndiyo desturi yao kwa oda yoyote inayozidi kilo tano. Steki ilisoma kilo 2.74 na mbavu kilo 2.51. Kwa maneno mengine, steki ilipoteza karibu theluthi moja ya uzito wake na mbavu zikapoteza kidogo chini ya asilimia 30. Mtu asiyejua angesema mbavu ndizo bora, kwa kuwa zimepungua kidogo. Lakini mfupa ndio usiopungua kwa moto, na ndio uliokuwa umeibeba ile mizani. Jioni, baada ya watu wote kuondoka, niliikusanya mifupa kutoka kwenye sinia zote, nikaipima kwa mizani yangu ya jikoni: gramu 960. Kwa hiyo kilo tatu na nusu za mbavu mbichi zilitupatia kilo 1.55 tu ya nyama ya kuliwa, yaani chini ya nusu, wakati kilo nne za steki zilitupatia kilo 2.74. Jumla ilikuwa kilo 4.29, sawa na gramu 195 kwa kila fungu. Mzee alikuwa amesema 180 hadi 200.

Nikaipigia hesabu oda yangu ya mwaka jana kwa viwango hivyo hivyo. Kilo saba za mbavu zingetoa kilo tatu na kidogo za nyama, na kwa watu wazima 22 hiyo ni gramu 140 kwa kila mtu endapo kila mmoja angechukua sawa na mwenzake, jambo ambalo halitokei kwenye sinia ya pamoja. Wa kwanza hula gramu 250 bila kujua, na wa mwisho ni baba mkubwa. Tofauti ya oda hizi mbili kwenye mizani mbichi ni nusu kilo tu. Kwenye sinia ni zaidi ya kilo nzima.

Kuna jambo jingine ambalo namba hizi zilinifunulia, na nadhani litawashangaza wengi kama lilivyonishangaza mimi. Pale mwembeni steki mbichi ni shilingi 15,000 kwa kilo na mbavu ni shilingi 12,000, na kuchoma ni shilingi 3,000 kwa kila kilo ya aina yoyote. Kila mtu huona mbavu ni nafuu. Ukigawanya fedha iliyolipwa kwa nyama iliyoliwa, steki ilitugharimu kama shilingi 26,700 kwa kilo iliyo tayari, na mbavu zilitugharimu zaidi ya shilingi 34,000. Mbavu ndizo ghali. Hii haina maana kwamba zisinunuliwe. Nyama iliyoshikana na mfupa ina utamu wake, na meza ya nyama choma isiyo na mfupa wa kung'ata haijakamilika, angalau kwa watu wa kwetu. Ila anayeziagiza ajue kwamba ananunua ladha na ukarimu wa sinia iliyojaa, na shibe aitafute kwenye steki. Kwa hesabu hiyo hiyo, ukikutana na sehemu inayouza nyama iliyokwisha kuchomwa kwa shilingi 25,000 kwa kilo, usikimbilie kusema ni wizi. Steki mbichi ya shilingi 18,000 pamoja na kuchoma imeshapita bei hiyo ikifika mezani. Muhimu ni kuuliza kabla: kilo hiyo imepimwa ikiwa mbichi au imeiva? Bucha lisilotaka kujibu swali hilo waziwazi, mimi ningeondoka.

Bili yetu ilikuwa shilingi 125,880, wakapokea 125,000.

Huduma iliyonifurahisha kuliko zote, hata kuliko mizani, ni namna walivyopanga muda. Nilikuwa nimewaambia kwamba kundi la kwanza litatoka kanisani na kufika saa nane mchana, na kundi la pili, lililokuwa linatoka Kibaha, lingefika kama saa tisa na nusu. Mzee akakataa kuchoma yote kwa wakati mmoja. Mbavu zote na nusu ya steki ziliingia jikoni saa sita na nusu, na nusu ya pili ya steki ikaingia saa nane na robo. Zaidi ya hapo aliweka kando kilo moja ya steki mbichi kwenye friji, kwa makubaliano kwamba tukipungukiwa itachomwa na tutailipia, na tusipoihitaji ataiuza kwa mwingine na hatudaiwi kitu. Hatukuihitaji. Lakini kule kujua kwamba ipo kulinituliza moyo mchana mzima, na ni bora mara elfu kuliko kuchoma kilo mbili za ziada kwa hofu na kuziona zinakauka. Nyama iliyoiva haifai kukaa mezani zaidi ya saa mbili, na kwenye joto la Dar es Salaam muda huo ni mfupi zaidi. Anayezidisha nyama kwa ajili ya wanaochelewa anawawekea nyama ngumu kama kamba, na pengine ugonjwa wa tumbo juu yake. Wageni wetu wa Kibaha walikuta nyama inatoka motoni.

Na kuhusu ugumu niseme kidogo, kwa sababu nao unaingia kwenye makadirio. Ng'ombe wengi wanaoliwa Dar es Salaam ni wa kienyeji, wenye nundu, waliokulia malishoni na kutembea sana kabla ya kufikishwa minadani na machinjioni. Nyama yao ina ladha ya kweli lakini ni kavu na imekaza, na mtu akipewa mapande manene hutafuna mawili na kuacha la tatu si kwa kushiba bali kwa kuchoka taya. Pale mwembeni steki hupumzishwa dakika kama kumi baada ya kutoka motoni, kisha hukatwa juu ya kigogo kinyume na mwelekeo wa nyuzi, vipande vyembamba. Mzee alipoambiwa kuna baba mkubwa mwenye meno bandia, aliweka kando kipande cha sarara, ile nyama laini ya mgongoni, na kingine chenye mafuta kidogo ya nunduni, vikachomwa vya mwisho na kukatwa vidogo zaidi, vikaletwa kwenye sahani yake peke yake. Safari hii baba mkubwa alikula hadi akaegemea kiti. Nikiri kwamba nilimtazama zaidi kuliko nilivyokula.

Wateja wanaopenda nyama iliyokauka sana, kama wajomba zangu wawili, wajue kwamba hilo nalo lina gharama. Mara yangu ya tatu pale nilinunua kilo mbili za steki kwa watu sita, tukaomba moja itoke ikiwa na maji yake na nyingine ikaushwe. Ya kwanza ilirudi gramu 700, ya pili gramu 590. Ukiwa na kundi linalopenda ya kukauka, ongeza kilo moja mbichi kwa kila kilo sita, la sivyo utapungukiwa bila kuelewa imepotelea wapi.

Sasa kasoro, maana zipo, na nyingine si ndogo. Kachumbari yao ni chache mno. Kwa watu 26 tuliletewa mabakuli mawili ambayo yangefaa watu wanane, na tulipoomba nyongeza tuliambiwa nyanya zimekwisha. Ikabidi kijana wetu akimbie sokoni. Katika bucha linalokadiria nyama kwa gramu, nilitarajia kachumbari ikadiriwe japo kwa macho. Ndizi za kuchoma ni nzuri lakini zinatoka polepole kwa sababu zinategemea jiko moja tu, na ugali haupikwi pale, unaletwa kutoka kwa mama lishe wa jirani, kwa hiyo hufika umepoa usipoagizwa mapema. Kuna sehemu moja tu ya kunawia mikono, na maji yalikatika mara mbili. Kivuli cha mwembe kinatosha watu kama 20; wengine wetu tulikaa juani hadi saa kumi. Kuegesha magari ni shida kubwa siku za Jumapili. Oda ya zaidi ya kilo tano inahitaji kuwekwa siku mbili kabla na kutanguliziwa nusu ya fedha, jambo ambalo mimi naliona la haki ingawa linaweza kumsumbua mwenye dharura.

Naongeza onyo kwa anayetaka kubeba nyama hiyo kwenda nayo nyumbani. Mara ya kwanza nilifungiwa kilo moja na nusu kwenye karatasi ya foili, na kufika nyumbani baada ya dakika 40 za foleni nilikuta imejipika kwa mvuke wake: ganda la nje limelowa na maji yote yako chini ya karatasi. Haikuharibika, ila haikuwa tena nyama choma. Ni afadhali kuomba ichomwe robo tatu, kisha uimalizie kwenye jiko lako mwenyewe, au kula pale pale.

Niliona sehemu nyingi kabla ya hii, na nimekula nyama choma kwenye mnada wa Msalato, Dodoma, siku za Jumamosi, ambako moshi na wingi wa watu vina raha yake. Huko pia unachagua kipande kikiwa kibichi na kukabidhi kwa mchomaji, kama wanavyofanya Wakenya pale Soko la Kenyatta, Nairobi. Utaratibu huo wa kuchagua kwa macho ni mzuri, na unamlinda mnunuzi dhidi ya nyama mbovu. Lakini macho hayapimi kitakachobaki baada ya moto, na kwa mtu mwenye dhamana ya kulisha wengine, kitakachobaki ndicho kila kitu. Pale mwembeni ndipo mahali pekee nilipoona muuzaji akianzia kwenye sahani ya mgeni na kurudi nyuma hadi kwenye mizani.

Mwezi Desemba tutakuwa 40, watu wazima 31 na watoto tisa, kwa ajili ya kumtambulisha mchumba wa mdogo wangu. Safari hii nimepiga hesabu mwenyewe kabla ya kwenda: mafungu 35 na nusu, gramu 190 kwa fungu, karibu kilo sita na robo tatu za nyama ya kuliwa. Nimeandika kilo saba na nusu za steki na kilo nne za mbavu, pamoja na kilo moja na nusu ya akiba ikiwa mbichi. Mzee aliisoma karatasi yangu taratibu, akabadilisha kitu kimoja tu. Alifuta "saa nane" akaandika "saa tisa", akasema wakwe hawajawahi kufika kwa wakati.